Kipindi kikichacha: Watazamaji walivyomsoma 'Papa Shirandula'

JUMAPILI iliyopita jioni, nikirejea nyumbani mtaani Kitisuru, nilimkuta mlinzi wa lango letu ndani ya kibanda chake akitazama kitu kwenye simu na kucheka peke yake. Nilipochungulia, nikaona sura niliyoifahamu: marehemu Charles Bukeko, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Papa Shirandula. Nikamwuliza kama bado anakipenda kipindi hicho.

"Hizi za kwanza, Prof, ziko sawa kabisa," akanijibu bila kuinua macho. "Zile za mwisho ndizo zilichacha."

Zilichacha vipi? Akaizima simu, akafikiri kidogo.

"Zamani walikuwa wanatuonyesha sisi. Baadaye wakawa wanatuonyesha tu vile tunaongea."

Sentensi hizo mbili zimenikaa kichwani wiki nzima. Nimesoma tahakiki nyingi za vichekesho vya runinga, nyingine zikiwa kazi za wanafunzi niliowasimamia mwenyewe, na sikumbuki hata moja iliyolisema jambo hilo kwa ufupi kama huo. Kwa hivyo leo, msomaji wangu, nataka tuyape uzito maneno ambayo watazamaji huyatumia kipindi walichokipenda kinapoanza kuharibika. Wasomi tumezoea kuyapuuza. Tunayaita malalamiko. Mimi nadhani ni uhakiki, na pengine ni uhakiki mzuri kuliko wetu.

Kwa wasiokumbuka, Papa Shirandula kilianza kupeperushwa na runinga ya Citizen mwaka wa 2007, kikadumu hadi 2020. Mhusika mkuu alikuwa mlinzi wa lango la kampuni, ambaye mkewe, Wilbroda, aliyeigizwa na Jacquey Nyaminde, aliamini kuwa mumewe ana kazi ya ofisini. Papa alitoka nyumbani amevaa suti kama karani mkubwa. Alipofika kazini aliivua akavaa sare ya ulinzi. Jioni mambo yakageuzwa. Pembeni mwake kulikuwa na wenzake wa kazi, wakiwemo Njoro, yaani Kenneth Gichoya, na Jalang'o, yaani Felix Odiwuor. Nyumbani alikuwepo Awinja, mfanyakazi wa ndani aliyeigizwa na Jacky Vike.

Haya ndiyo aliyoyasema jirani yangu aliposema "walikuwa wanatuonyesha sisi". Ukitaka kuthibitisha, simama kwenye barabara za Kitisuru asubuhi kabla ya saa kumi na mbili. Utawaona wanaume wakipanda kutoka Kangemi, wengine wakija kutoka Kibagare na Gachie, wamevaa suruali zilizopigwa pasi, kila mmoja na mkoba begani. Sare imo mkobani. Nusu saa baadaye watu wale wale wamesimama langoni, wamevaa sweta za kampuni, na sisi wenye magari tunawapigia honi na kuwaita "soja". Kati ya suti na sare kuna aibu ambayo hakuna mtu huitaja mchana. Kipindi kiliitaja, tena kwa mzaha, na ndiyo sababu kilipendwa.

Sasa tuyatazame maneno. Kwa miaka ya mwisho ya kipindi hicho nilikuwa na tabia ya kunukuu katika kijitabu kauli za watu walipokuwa wakikilalamikia: kwenye matatu, kwenye kinyozi, kwenye mkahawa wa chuo. Kauli zilikuwa nyingi, ila vitenzi vilijirudia. Nitavichukua vinne.

Cha kwanza ni cha vijana: "inaboesha". Sikidharau kitenzi hiki. Kimeshaota mizizi Nairobi na kinanyambulika vizuri tu. Lakini kina upungufu mmoja. Kinaeleza hali ya mtazamaji, hakielezi hali ya kipindi. Mtu akikuambia kipindi kinamboesha, umejua kuwa amechoka. Hujajua amechoshwa na nini.

Cha pili ni "kupwaya". Shati hupwaya likiwa kubwa kuliko mwili, au mwili ukipungua ndani ya shati. Mtazamaji anayesema kipindi kimepwaya anazungumzia umbo: nafasi ni ile ile ya nusu saa, lakini kilicho ndani hakiijazi tena. Ndivyo inavyotokea kipindi kinapokuwa shule ya kuzalisha nyota. Waliopata jina humo huitwa kwingine, kwenye redio, matangazo ya biashara, hata siasa. Jalang'o mwenyewe baadaye alichaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka wa 2022. Mhusika hutoka, vazi lake likabaki, na anayeletwa kulivaa hulikokota. Wamarekani waliyaona hayo katika The Office, kichekesho chao cha ofisini kilichoanza mwaka wa 2005. Steve Carell, aliyeigiza meneja, aliondoka 2011. Kipindi kikaendelea hadi 2013, meneja mmoja akija na mwingine akienda, na watazamaji wengi hadi leo hugawa kipindi hicho sehemu mbili: akiwepo na asipokuwepo.

Cha tatu ni "kuchujuka". Hiki ni kitenzi cha kanga na vitambaa. Rangi huchujuka kwa kufuliwa mara nyingi. Kitambaa bado kipo, hakijatoboka. Ni rangi iliyokwenda na maji. Tukikitumia kwa Papa Shirandula, rangi hiyo ilikuwa siri. Kila mara Papa aliponusurika kufumaniwa na Wilbroda, tulishusha pumzi na kucheka. Ila siri inayokaribia kufichuka mara mia bila kubadilisha chochote katika maisha ya mwenye siri, mwishowe haitishi. Mtazamaji anajua Papa ataponyoka, Papa naye ni kama anajua. Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka wa 1900, alieleza kwamba tunacheka tunapomwona kiumbe hai akitenda kama mashine. Sina ugomvi na nadharia hiyo. Ningeongeza tu kwamba kipindi chenyewe kikigeuka mashine, kicheko hugeuka miayo.

Cha nne ndicho cha jirani yangu: "kuchacha". Na hiki kina uzito wa pekee.

Kinachochacha ni chakula. Tena si chakula chochote. Mhogo mbichi hauchachi, punje za mchele hazichachi. Huchacha kilichokwisha kupikwa kikaiva, kikapendeza, kikaachwa kikakaa. Mpishi yeyote wa Pwani atakuambia kwamba wali wa nazi huchacha upesi kuliko wali mkavu. Nazi ile ile iliyouletea wali utamu ndiyo hutangulia kuugeuza. Na kutokana na kitenzi hicho hicho tunapata nomino "chachu". Chachu ndiyo humuumulia mpishi unga wake, akapata mkate au mahamri. Ikizidi, au ikiachwa muda mrefu, unga ule ule hutupwa.

Kwa hivyo mtu anayesema kipindi kimechacha hasemi kwamba kilikuwa kibaya. Anasema kulikuwa na kitu ndani yake kilichokifanya kitamu, na kitu hicho hicho ndicho kilichokiharibu. Katika Papa Shirandula kitu hicho kilikuwa nini? Jirani yangu amekwisha kutujibu: vile tunaongea. Lafudhi.

Papa alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya, na Awinja vivyo hivyo. Njoro alikuwa na ya Kigikuyu. Jalang'o alikuwa na ya Kijaluo. Wanaisimu tunaijua asili ya mambo haya, nayo haina ajabu yoyote. Katika lahaja kadhaa za Kiluhya, sauti b, d na g huwa ngumu kutenganishwa na p, t na k. Mgikuyu huweza kuchanganya l na r. Kijaluo hakina sauti sh, ndipo "shamba" ikawa "samba". Ni lugha ya kwanza inayoacha alama kwenye lugha ya pili. Mwingereza akizungumza Kiswahili huacha alama zake pia, ila sisi huwa tunampigia makofi kwa kujaribu.

Katika miaka ya mwanzo, lafudhi ilikuwa chachu kwa kipimo. Ilimhusu mhusika. Mtu anajifanya bwana mkubwa wa ofisini, amefunga tai, huku ulimi wake ukitishia kumfichua kila anapoufungua mdomo. Lafudhi na sare ni kitu kimoja hapo, maana vyote viwili vinasema mtu huyu ametoka wapi na anaogopa nini. Nasi tulicheka kwa sababu wengi wetu Nairobi tumewahi kuulainisha ulimi mbele ya mdomo wa simu au mbele ya meneja wa benki. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza chuoni, nilinyamaza semina nzima kwa kuogopa neno moja lenye r mbili.

Baadaye, kama nilivyoona mimi na kama walivyonung'unika watazamaji wengi, kipimo kilipotea. Lafudhi ikaacha kumsaidia mhusika kusema jambo, ikawa ndiyo jambo lenyewe. Mhusika anaingia, anatamka neno vibaya, vicheko vinasikika, anatoka. Ungeweza kumpa sentensi ile ile mhusika mwingine wa kabila lile lile, na hakuna ambaye angegundua tofauti.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina jambo la kutufundisha. Tuna "kucheka na mtu" na tuna "kumcheka mtu". Kiunganishi kidogo "na" kinatuketisha mkeka mmoja na mwenzetu. Kikiondolewa, na mtu akawa yambwa ya kitenzi, yeye anabaki upande mmoja, sisi tuko upande wa pili tukimkodolea macho. Papa wa mwanzo tulicheka naye. Papa wa mwisho, mara nyingi mno, tulimcheka. Tofauti hiyo mkazi wa nyumba kubwa ya Kitisuru anaweza kuikosa, maana kwake kicheko ni kicheko. Mtu aliyekaa kibandani langoni hawezi kuikosa. Ni yeye anayechekwa.

Naona mkono wa msomaji umeinuka. Atasema: lafudhi ni jadi ya vichekesho vyetu tangu enzi za Vitimbi na Vioja Mahakamani, mbona leo tuitwike lawama? Ni kweli, wala sisemi lafudhi ifukuzwe jukwaani. Marehemu Benson Wanjau, aliyetutoka Julai 2015, alikuwa Mgikuyu, na kwa miaka na mikaka aliigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo. Lakini ondoa lafudhi ile na bado unabakiwa na mzee: ukali wake, ubahili wake, majibizano yake na Mama Kayai. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza. Mwondolee mhusika lafudhi, kisha uone kama kuna mtu aliyebaki. Kama hakuna, basi ulikuwa umepika chachu bila unga.

Mwingine atasema: Profesa, ni kichekesho tu, unakitafutia nini makuu? Ndugu yangu, hoja hiyo ningeikubali kama wanaochekwa wangekuwa wanabadilishwa. Mlinzi, mfanyakazi wa nyumbani, fundi, mchuuzi: hao ndio wanaopangiwa lafudhi nzito katika vichekesho vyetu vingi. Meneja na wakili huzungumza kama wasoma habari. Mtoto anayelelewa kwa vipindi hivyo hujifunza, bila mtu kumfunza, kwamba lafudhi ni alama ya mshahara.

Kuna jambo jingine katika vitenzi hivi. Wamarekani wana msemo kuhusu vipindi vinavyoharibika. Mwaka wa 1977, katika kipindi cha Happy Days, mhusika aitwaye Fonzie aliteleza juu ya maji na kumruka papa, yule samaki. Wengi waliona kichekesho hicho kimeishiwa, na tangu msemo huo uenee, kipindi kikianza kupotoka husemwa kimemruka papa. Msemo huo unatafuta dakika moja ya makosa: hapa ndipo kilipoharibikia. Vitenzi vya watazamaji wetu havitafuti dakika. Kupwaya, kuchujuka na kuchacha ni mambo ya polepole. Hakuna mtu aliyewahi kuiona kanga ikichujuka. Siku moja unaianika, unaitazama, rangi haipo. Naamini hivyo ndivyo vipindi virefu hufa, na kwamba watu wetu wameliona jambo hilo vizuri zaidi.

Hata hivyo, vitenzi hivi vina hila ndani yake. Vyote vitatu havitaji mtendaji. Kipindi kimechacha, nani amekichachisha? Kimechujuka, nani alikuwa akikifua? Mtu akisema "wamekiharibu", anaelekeza kidole. Akisema "kimechacha", amewastahi wahusika, akaliacha jambo lionekane kama mapito ya maumbile. Uungwana huo ni mzuri mezani. Katika uhakiki ni lazima tuuvuke, kwa kuwa wali haulali wenyewe. Kuna aliyeulaza.

Nani aliulaza? Kwanza ni uchumi wa runinga. Toleo la Uingereza la The Office, lililomtangulia lile la Marekani, lilikuwa na vipindi 12 vya kawaida na tamati ya Krismasi mwaka wa 2003, kisha wenyewe wakafunga jiko. Wamarekani walipika 201. Kwetu, kichekesho kinachovuta watangazaji wa biashara hakiruhusiwi kufa. Kinaandikiwa wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, na mwandishi aliyebanwa na Alhamisi inayokaribia atachukua kilicho karibu naye. Lafudhi iko karibu daima. Haihitaji utafiti, haihitaji hadithi. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, lakini mwenye kulipwa kwa mlio hawezi kuinyamazisha.

Pili ni sisi watazamaji. Tulilalamika huku tukicheka. Anayepima kicheko hapimi malalamiko.

Na tatu ni sisi tunaojiita wahakiki. Kichekesho kilichotazamwa na familia nyingi kuliko riwaya yoyote iliyowahi kutahiniwa nchini kilidumu miaka 13, nasi tukaendelea kuandika makala kuhusu riwaya zile zile. Laiti tungemwambia mwandishi mapema kwamba "na" yake inadondoka, pengine angeiokota.

Bukeko aliaga dunia tarehe 18 Julai 2020. Nakumbuka siku hiyo vizuri. Nchi ilikuwa katika hofu ya korona, na mitaa ilikuwa kimya kuliko kawaida. Watu wale wale niliowanukuu wakisema kimechacha na kimechujuka sasa walikuwa wakisimuliana vituko vya Papa kwa machozi. Mwenzangu mmoja chuoni aliuita huo unafiki. Sikukubaliana naye wakati ule, na sikubaliani naye leo. Huwezi kusema wali umechacha kama hukuwahi kuuonja ukiwa moto. Aliyekuwa akilalamika kila wiki ndiye aliyekuwa akirudi kila wiki, akitumaini kumkuta tena yule mtu wa mwanzo mwenye suti na siri. Walipomlilia Bukeko, walimlilia huyo. Hakuna kinachogongana hapo.

Ombi langu kwa walimu wa fasihi ni dogo. Muhula ujao, mnapofundisha uhakiki wa drama, waambieni wanafunzi waende nyumbani na kunukuu vitenzi ambavyo shangazi zao, makanga wa matatu na walinzi wa malango huvitumia kuhusu kipindi wanachokitazama sasa hivi. Waulize: kitenzi hiki kimetoka wapi, jikoni au kwenye kamba ya nguo? Kinamtaja mtendaji au kinamficha? Kisha waulize swali gumu: katika kipindi hicho tunacheka na nani, na tunamcheka nani?

Nilipomwambia jirani yangu kwamba nitaandika alichoniambia, alifurahi. Halafu akanisihi nisitaje jina lake. Kwao nyumbani, alinieleza, wakwe na watoto wanajua tu kwamba anafanya kazi Kitisuru. Hawajawahi kuuliza zaidi, naye hajawahi kuongeza neno. Jina la mtaa hutosha.